Nafuu ya Kodi na Wanaoipata

Kila mwaka, mwezi wa Juni unapokaribia au kuwadia, Waziri wa Fedha wa Kenya husimama Bungeni akayasoma makadirio ya fedha za Serikali. Watu husikiliza kwa makini ili wajue ni kodi gani iliyoongezwa na ni ipi iliyopunguzwa. Neno “nafuu” likitajwa, wengi hufurahi na kusema kwamba mwaka huu Serikali imewahurumia. Ni wachache wanaouliza nafuu hiyo itamfikia nani, na ni nani atakayelipa mahali pake. Swali hilo lamhusu kila mwenye shamba na kila mwenye mshahara, kwa sababu shilingi asiyotozwa mtu mmoja ni shilingi iliyopungua katika mfuko wa wote.

Josho la kijiji

Maana ya nafuu ya kodi yafahamika upesi kwa mfano wa josho la ng’ombe. Tuseme kijiji chenye nyumba 100 kimekubaliana kujenga josho la shilingi 10,000, na kila nyumba itoe shilingi 100. Kisha wazee wanaamua kwamba nyumba 10 zisamehewe. Gharama ya saruji haikupungua kwa sababu ya uamuzi huo, wala fundi hakupunguza ujira wake. Basi hapana budi mojawapo ya mambo mawili litokee: ama zile nyumba 90 zilizobaki zitoe kila moja shilingi 111 na senti kadhaa, ama josho lijengwe fupi, na ng’ombe watoke na kupe migongoni.

Hata hivyo, msamaha wenyewe si lazima uwe mbaya. Ikiwa nyumba zile 10 ni za wajane wasio na ng’ombe hata mmoja, kijiji kizima kitaona kwamba wazee wametenda haki. Lakini ikiwa mmoja wao ni tajiri mwenye ng’ombe 50, naye amesamehewa kwa kuwa alitishia kuwapeleka ng’ombe wake katika kijiji jirani, watu watanung’unika, nao watakuwa na sababu. Kwa hiyo ubora wa msamaha hupimwa kwa mambo matatu: nani amesamehewa, kwa sababu gani, na nani ameongezewa mzigo. Nafuu zote za kodi zilizomo katika sheria za nchi zaweza kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Nafuu za serikali huja kwa njia nyingi. Iko nafuu inayokatwa katika kodi yenyewe baada ya hesabu kufanywa. Iko nyingine inayokatwa katika mapato kabla ya hesabu ya kodi kuanza. Ziko bidhaa zinazotozwa kiwango kidogo au zisizotozwa kabisa. Tena ziko kampuni zinazopewa miaka kadhaa ya kutolipa kodi ya faida. Njia hizi zafanana machoni, lakini matokeo yake mfukoni ni mbalimbali.

Shilingi 2,400 za kila mwezi

Nafuu inayowafikia watu wengi zaidi miongoni mwa wenye mishahara nchini Kenya ni ile ya kila mlipa kodi, ambayo iliwekwa kuwa shilingi 2,400 kwa mwezi tangu Aprili 2020. Hesabu yake ni rahisi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mapato ya mwezi hutozwa asilimia 10, na asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400. Basi mtu ambaye mapato yake yanayotozwa kodi hayazidi shilingi 24,000 hukatwa kodi kwa mkono mmoja na kurudishiwa yote kwa mkono wa pili, hata asibaki na deni lo lote.

Uzuri wa nafuu hii ni kwamba karani na mkurugenzi hupata kiasi kile kile. Kwa karani wa mapato ya shilingi 30,000, kodi ni shilingi 3,900 kabla ya nafuu, na shilingi 1,500 baada yake. Zaidi ya nusu ya kodi yake imeondolewa. Kwa mkurugenzi apataye shilingi milioni moja, zile 2,400 ni chembe ndogo katika gunia. Mzigo wa mdogo umepunguzwa sana, na wa mkubwa umepunguzwa kidogo, bila mtu ye yote kupendelewa kwa jina.

Lakini hata hapa yuko anayepungukiwa. Mfanyakazi wa mapato ya shilingi 15,000 ana kodi ya shilingi 1,500 tu. Nafuu yamfutia hizo 1,500, na zile 900 zinazobaki hapewi. Na kibarua wa shamba, au mama auzaye mboga sokoni, ambaye hana kodi ya mshahara hata kidogo, hapati cho chote katika nafuu hii. Yafaa jambo hili likumbukwe daima: nafuu ya kodi ya mapato humfikia mwenye kodi ya kusamehewa. Maskini kupita wote haokolewi nayo. Yeye husaidiwa kwa dawa hospitalini, kwa shule, kwa barabara na kwa maji, yaani kwa vitu vinavyonunuliwa kwa kodi iliyokusanywa.

Riba ya nyumba na ada ya bima

Nafuu ya pili ni ya mtu aliyekopa fedha ili anunue au atengeneze nyumba anayokaa mwenyewe. Riba anayolipa huondolewa katika mapato yake kabla ya kodi kuhesabiwa. Kikomo cha riba hiyo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka, nacho kikapandishwa hadi 360,000, yaani shilingi 30,000 kwa mwezi, mwishoni mwa Desemba 2024. Nia ya sheria ni njema, maana yataka kuwatia watu moyo wa kujipatia makao. Lakini msomaji na achukue kalamu na kuhesabu.

Karani wa mapato ya shilingi 30,000 aweza kupata mkopo mdogo tu. Tuseme riba yake ni shilingi 4,000 kwa mwezi. Sehemu ya juu ya mapato yake hutozwa asilimia 25. Kwa hiyo nafuu yake ni shilingi 1,000. Meneja wa mapato ya shilingi 300,000, aliyekopa hata kufika kikomo cha riba cha 30,000, hutozwa asilimia 30 katika sehemu ya juu ya mapato yake. Nafuu yake ni shilingi 9,000 kwa mwezi, au 108,000 kwa mwaka. Mkurugenzi wa mapato ya shilingi milioni moja, mwenye riba ile ile ya 30,000, hutozwa asilimia 35 katika sehemu ya juu. Nafuu yake ni shilingi 10,500 kwa mwezi, au 126,000 kwa mwaka.

Yaonekana basi kwamba watu wawili wanaolipa riba sawasawa hawapati nafuu sawasawa, na mwenye mapato makubwa zaidi ndiye apataye zaidi. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyedanganya. Ndivyo hesabu inavyokwenda kila mara nafuu inapokatwa katika mapato badala ya kukatwa katika kodi yenyewe. Naye mkulima anayejenga nyumba yake pole pole, akinunua mabati msimu huu kwa fedha za kahawa na saruji msimu ujao kwa fedha za maziwa, bila kukopa popote, hapati hata senti, ingawa yeye pia ameipatia jamaa yake makao.

Nafuu ya bima imewekwa kwa njia nyingine. Mwenye bima ya maisha, ya elimu au ya afya inayokubaliwa na sheria hupewa asilimia 15 ya ada aliyolipa, nayo hukatwa katika kodi, mradi isizidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Kiwango cha asilimia ni kimoja kwa wote, na kwa hiyo kina usawa zaidi kuliko ile nafuu ya riba. Lakini ili mtu afikie shilingi 5,000, lazima ada yake iwe zaidi ya shilingi 33,000 kwa mwezi, na hiyo yapita mshahara mzima wa makarani wengi. Karani anayelipa ada ya shilingi 2,000 hupata nafuu ya shilingi 300. Nafuu imemfikia, naam, ila kwa kijiko, na mwenzake amechotewa kwa kata.

Haifai kusahau nafuu ambayo sababu yake ni bayana. Mtu mwenye ulemavu aliyepewa cheti cha msamaha hatozwi kodi ya mapato katika shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Mtu huyo hulipa gharama ambazo wengine hawazijui: kiti cha magurudumu, msaidizi wa kumwongoza, gari la kukodi mahali ambapo mwenzake angepanda basi. Hapa msamaha wafanana na ule wa mjane wa kijijini. Lakini hata huu humfaa mwenye kazi na cheti. Mwenye ulemavu asiye na kazi wala cheti hubaki mlangoni.

Mkate, mahindi na kodi iliyojificha

Mtu asiye na mshahara asidhani kwamba habari ya kodi haimhusu. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida nchini Kenya ni asilimia 16, hulipwa na kila anunuaye sabuni dukani, awe waziri au mchunga mbuzi. Ndiyo maana sheria huziondoa baadhi ya bidhaa za lazima katika kodi hiyo. Huziondoa kwa njia mbili, na wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kiwango cha sifuri. Mwokaji mikate ambaye mkate wake uko katika kiwango cha sifuri hamtozi mnunuzi kodi. Na ile kodi aliyolipa mwenyewe kwa umeme, kwa mifuko ya kufungia na kwa mashine, ana haki ya kuidai irudishwe. Hivyo mkate hufika mezani bila kodi ndani yake. Njia ya pili ni msamaha wa kawaida. Mwenye bidhaa iliyosamehewa hamtozi mnunuzi kodi, lakini ile aliyolipa mwenyewe haidai popote. Hana la kufanya ila kuitia katika bei. Mnunuzi huambiwa kwamba bidhaa haina kodi, kumbe kodi imo ndani yake kama chumvi katika mchuzi.

Mkulima auzaye mahindi yasiyotiwa kiwandani yumo katika njia hii ya pili. Hatozi kodi anapouza, lakini simu anayowasiliana nayo na wanunuzi ina kodi, na vifaa vingi vya ujenzi wa ghala yake vina kodi, wala hakuna anayemrudishia. Akisikia kwamba mazao ya shamba yamesamehewa kodi, na ajue kwamba aliyesamehewa hasa ni mlaji, na yeye mwenyewe kwa sehemu tu.

Watu wa Kenya waliiona nguvu ya jambo hili mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulitaka kuutoa mkate wa kawaida katika kiwango cha sifuri na kuutia kodi ya asilimia 16. Mkate wa shilingi 65 ungeongezeka zaidi ya shilingi 10. Tajiri asingeliona badiliko hilo, lakini mwenye watoto watano na mshahara mdogo angeliona kila asubuhi. Watu wengi, hasa vijana, waliupinga mswada huo kwa sababu hii na nyinginezo. Tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba kodi ya mkate imeondolewa katika mswada. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu walipoteza maisha yao. Na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada wote. Nafuu ya mkate, ambayo wengi walikuwa wakiila bila kuijua, ilijulikana siku ilipotaka kuondolewa.

Viwanda vya Athi River

Nafuu iliyo kubwa zaidi kwa kampuni ni ile ya miaka ya kutolipa kodi. Kwa sheria ya mwaka 1990, Kenya ilianzisha maeneo maalum ya viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nchi za nje, na Athi River ni mojawapo ya maeneo yajulikanayo sana. Kiwanda kinachokubaliwa humo husamehewa kodi ya faida kwa miaka 10 ya kwanza, kisha hutozwa asilimia 25 kwa miaka 10 ifuatayo, hali kampuni nyingine za nchi hutozwa asilimia 30. Mitambo na malighafi zake huingia bila ushuru wa forodha. Mwaka 2015 ikaongezwa sheria ya maeneo maalum ya uchumi, ambayo kampuni zake hutozwa asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata.

Faida ya mpango huu si ya kubeza. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wamepata kazi ya kushona nguo zinazouzwa Marekani na kwingineko. Mishahara yao hulipa karo, hununua unga na hupelekwa kwa wazee mashambani. Wanaoutetea mpango huu husema kwamba bila nafuu viwanda hivyo vingejengwa katika nchi nyingine, na kodi ya kiwanda kisichokuwapo ni sifuri vile vile.

Neno hilo ni kweli mahali fulani, na si kweli mahali pote. Kiwanda cha nguo chaweza kufunga cherehani zake kikaenda nchi nyingine. Lakini mwenye kutaka kuchimba madini hana budi kwenda yaliko madini. Mchanga wa Kwale, uliochimbwa kuanzia 2013 hadi 2024, haungeweza kuhamishiwa nchi ya jirani. Mwenye kuuza simu, saruji au pombe kwa watu wa Kenya lazima awafuate watu wa Kenya. Kumsamehe kodi mtu ambaye angekuja hata bila msamaha ni kumlipa mgeni nauli naye amekwisha fika. Tena mwenye mtaji huuliza mambo mengine kabla ya kodi: je, umeme wapatikana siku zote? Barabara ya kwenda bandarini yapitika? Mahakama huamua kesi kwa haki na bila kuchelewa? Mambo hayo yote hugharimiwa kwa kodi.

Iko pia hatari ya majirani kushindana. Nchi moja ikitoa miaka 5 ya msamaha, jirani yake hutoa 10, naye wa tatu hutaka kuzidi. Mwisho wake ni kwamba wote wamepoteza, na mwenye mtaji ndiye aliyepata. Mwaka 2012 mashirika ya ActionAid na Tax Justice Network-Africa yalitoa taarifa kuhusu mashindano hayo, yakikadiria kwamba Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kwa pamoja zilikuwa zikipoteza hadi dola bilioni 2.8 za Marekani kwa mwaka kwa sababu ya nafuu na misamaha ya kila namna. Hayo ni makadirio, na wataalamu huweza kubishana juu yake, lakini yatosha kuonyesha kwamba jambo hili ni kubwa kuliko josho la kijiji.

Wakati huo mshonaji wa Athi River, mapato yake yakipita shilingi 24,000, hukatwa kodi kabla ya kuushika mshahara wake, naye hulipa asilimia 16 anaponunua sabuni. Katika miaka yake 10 ya kwanza, kiwanda anachofanyia kazi hakilipi kodi ya faida. Ikiwa kiwanda kitakaa miaka 30 na kulipa kodi baadaye, hasara itarudi. Ikiwa kitafungwa mwaka wa 11 na wenyewe kufungua kingine kwa jina jipya ili waanze kuhesabu upya, nchi itakuwa imepanda mbegu isiyovunwa. Ndiyo sababu msamaha wa namna hii wataka kuangaliwa kila mwaka, wala usiachwe kama ng’ombe asiye na mchungaji.

Somo la mwaka 1922

Hadithi ya nafuu katika Kenya ni ya zamani kuliko sheria hizi. Waafrika walianza kutozwa kodi ya nyumba mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910. Aliyekuwa na mbuzi wawili na aliyekuwa na ng’ombe mia walidaiwa kwa kipimo kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kodi hiyo ilifika shilingi 16, na ujira wa vibarua ulikuwa ukipunguzwa. Harry Thuku na wenzake walilalamika hadharani. Machi 1922 alikamatwa, na watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi. Baadaye kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Katika wakati huo huo walowezi wa Kizungu walikuwa wamewekewa kodi ya mapato, iliyoanza mwaka 1921. Waliipinga kwa nguvu, nao walikuwa na sauti katika Baraza la Kutunga Sheria, ambamo Mwafrika hakuwa na mjumbe wa kabila lake. Kodi hiyo ikafutwa mwaka 1922, na fedha zikatafutwa katika ushuru wa bidhaa zinazoingia nchini. Kodi ya mapato haikurudi mpaka mwaka 1937. Hivyo kwa muda wa miaka 15 wenye mapato makubwa kupita wote nchini hawakuwa na kodi ya mapato, na kibarua wao alikuwa akilipa ya kichwa. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walioketi penye kuamua waliuona mzigo wa kibarua kuwa mwepesi kwa sababu haukuwa juu ya vichwa vyao.

Ugonjwa huo haukufa pamoja na ukoloni. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, sehemu kubwa ya malipo ya wabunge wa Kenya ilikuwa posho zisizotozwa kodi, na waliokuwa na uwezo wa kuibadili sheria hiyo ni wabunge wenyewe. Mwaka 2011, baada ya Katiba mpya kupatikana, Mamlaka ya Ushuru ilipowadai kodi hiyo, wengi wao walipinga kwanza kabla ya kukubali.

Mali bila daftari

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliweka dawa ya ugonjwa huo katika kifungu cha 210. Kifungu hicho chasema mambo matatu. Kwanza, hakuna kodi itakayowekwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Pili, sheria ikiruhusu msamaha, kila msamaha sharti uandikwe katika kumbukumbu iliyo wazi kwa watu pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu apewe taarifa yake. Tatu, hakuna sheria itakayomwondoa afisa wa serikali katika kulipa kodi kwa sababu ya cheo chake au kazi yake.

Hekima ya jambo la pili ni kubwa. Serikali ikitaka kutoa shilingi milioni 100 kujenga hospitali, lazima Bunge lizipitishe, zionekane katika vitabu, na mkaguzi azifuate. Lakini ikimsamehe mtu kodi ya shilingi milioni 100, hakuna fedha iliyotoka mahali po pote. Ni fedha ambayo haikuingia, nayo haionekani kwa macho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali iliyo rahisi kukosa daftari kuliko ile isiyofika mkononi. Mwaka 2021 Wizara ya Fedha ilianza kutoa taarifa ya makadirio ya kodi zinazoachwa kwa sababu ya nafuu na misamaha. Ni taarifa ifaayo kusomwa na kila mtu anayejua hesabu, kama vile mwanachama wa chama cha ushirika anavyosoma hesabu za mwaka kabla ya kuinua mkono wake.

Yampasayo mwenye kulipa kodi

Kwanza, mlipa kodi na achukue nafuu iliyo haki yake. Nafuu nyingi hazimfuati mtu nyumbani. Karani mwenye bima asipompelekea mwajiri wake cheti cha bima, na wala asiidai nafuu hiyo anapowasilisha hesabu zake za mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, fedha zake hubaki huko huko. Mtu mwenye ulemavu asipoomba cheti, hukatwa kama wengine. Wenye mapato makubwa huwaajiri wahasibu wawatafutie kila nafuu iliyomo katika sheria. Mtu mdogo hana mhasibu ila macho yake mwenyewe na karatasi yake ya mshahara. Na aisome kila mwezi.

Pili, asikiapo nafuu mpya ikitangazwa, na airudishe katika mfano wa josho. Je, inakatwa katika kodi, ili wote wapate sawasawa, au inakatwa katika mapato, ili mwenye kingi aongezewe? Yamfikia asiye na mshahara? Aliyesamehewa angefanya jambo lile lile hata bila kusamehewa? Imewekewa mwisho, au itadumu mpaka itakaposahauliwa? Na pengo lake litazibwa na nani? Maswali hayo hayahitaji elimu ya chuo kikuu. Mzee wa kijiji aliyewahi kusimamia mchango wa josho ayajua yote, na mbunge anayekuja kuomba kura aweza kuulizwa mbele ya watu.

Tatu, asichukie kila msamaha kwa sababu umempita yeye. Mkate usio na kodi, cheti cha mwenye ulemavu, na shilingi 2,400 za karani ni mambo yaliyowekwa ili mzigo ubebwe kwa kadiri ya mabega. Yanayofaa kuchunguzwa ni yale ambayo sababu yake haielezwi, au ilielezwa zamani na wakati wake umekwisha pita, au yameandikwa na wale wale watakaoyafaidi. Kodi ikilipwa na kila mtu kwa kadiri yake, na msamaha ukitolewa mchana mbele ya wote, mwenye kulipa hatoi kwa moyo mzito. Naye anayesamehewa aweza kuwatazama jirani zake usoni siku ya kupeleka ng’ombe joshoni.